Kusikia Kupitia Ngozi: Kipandikizi cha Koklea na Mzigo wa Istilahi za Kiswahili, kwa Kuzingatia Mkoa wa Songwe

1. Utangulizi

Mwezi Juni 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili, jijini Dar es Salaam, ilianza kuwapandikizia watoto wasiosikia kifaa cha elektroniki kinachojulikana kama kipandikizi cha koklea. Kabla ya hapo Watanzania waliohitaji huduma hiyo walilazimika kwenda nje ya nchi, hususan India. Hatua hiyo ilileta nchini tiba mpya, na pamoja nayo ilileta kazi mpya kwa lugha ya taifa. Daktari, muuguzi na mtaalamu wa usikivu walipaswa sasa kumweleza mzazi kwa Kiswahili jinsi kifaa kilichofungiwa chini ya ngozi ya kichwa, kisicho na betri yake chenyewe, kinavyopata umeme na maneno kutoka nje bila waya kuipenya ngozi hiyo.

Uzito wa kazi hiyo unaonekana vizuri zaidi mbali na Dar es Salaam. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Makao makuu yake yapo Vwawa, wilayani Mbozi, na kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022 una wakazi zaidi ya milioni 1.3. Mji wake wa Tunduma umekaa mpakani kabisa, ukitazamana na Nakonde ya Zambia, mahali ambapo barabara kuu na reli ya TAZARA huvuka kuelekea kusini. Kutoka hapo hadi Muhimbili ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Mzazi wa Tunduma ambaye mtoto wake amepandikiziwa kifaa hana mtaalamu wa jirani wa kumkimbilia kila anapotatizika. Kwa sehemu kubwa ya mwaka anachokuwa nacho ni maneno aliyoelezwa siku alipoondoka hospitalini.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba maneno yanayotumika sasa yanaeleza vizuri tendo la siku moja, yaani upasuaji, lakini yanaficha jambo la kila siku, yaani utegemezi wa sehemu ya ndani kwa sehemu ya nje. Kasoro hiyo haiishii katika umbuji wa lugha. Inaweza kumfanya mtoto akose kusikia kwa wiki au miezi, katika umri uleule ambao lugha hujengwa. Ili kuithibitisha hoja hii, mhadhara unaanza kwa kueleza kifaa chenyewe na historia yake, kisha unaeleza namna umeme na sauti vinavyopita ngozini, na baadaye unachambua istilahi pamoja na suala la lugha anayoisikia mtoto.

2. Sehemu mbili za kifaa kimoja

Koklea ni kiungo kidogo kilichomo ndani ya mfupa wa fuvu, nacho kimejikunja kama ganda la konokono. Hata jina lenyewe, ambalo asili yake ni Kigiriki, lina maana hiyo ya konokono. Mrija wa koklea ukinyooshwa huwa na urefu wa takriban milimita 35. Ndani yake mna seli zenye vinyweleo, na kati ya hizo takriban 3,500 ndizo hasa zinazoipelekea habari neva ya usikivu. Seli za mwanzo wa mrija hushughulikia sauti nyembamba, na zile za ndani zaidi hushughulikia sauti nzito. Kazi yake kwa ujumla ni kugeuza mtikisiko kuwa ishara za umeme ambazo ubongo huzifasiri kuwa sauti.

Seli hizo zikiwa hazipo au zimeharibika, kukuza sauti hakusaidii sana, kwa kuwa hakuna kinachoweza kuipokea na kuigeuza. Hapo ndipo kifaa cha kawaida cha kukuza sauti hutofautiana na kipandikizi. Kipandikizi hakikuzi sauti. Huziruka seli zilizoharibika na kuiamsha neva moja kwa moja kwa mapigo madogo ya umeme.

Kifaa hiki kina sehemu mbili. Sehemu ya nje huvaliwa nyuma ya sikio au juu ya kichwa. Ina maikrofoni, kichakataji cha sauti, betri, na koili, yaani waya uliozungushwa kuwa duara. Sehemu ya ndani huwekwa na daktari wa upasuaji chini ya ngozi. Nayo ina koili yake, sakiti iliyofungwa ndani ya kasha lisilopitisha maji, na uzi mwembamba wenye elektrodi unaoingizwa ndani ya koklea. Idadi ya elektrodi hutegemea mtengenezaji, kwa kawaida kati ya 12 na 22. Sumaku mbili, moja nje na nyingine ndani, huvutana kupitia ngozi na kuzishikilia koili zielekeane.

Jambo la msingi ni kwamba sehemu ya ndani ya kipandikizi cha aina hii haina betri. Haihifadhi umeme wa kutumia baadaye, wala haina sauti iliyowekwa akiba. Koili ya nje ikiondolewa, au betri yake ikiisha, sehemu ya ndani huzimika papo hapo na mtoto hubaki bila kusikia, kana kwamba upasuaji haukufanyika.

3. Kutoka Paris na Stockholm

Wazo la kupitisha umeme ngozini limekuwapo tangu mwanzo kabisa wa vipandikizi vya umeme. Tarehe 25 Februari 1957, jijini Paris, daktari wa upasuaji Charles Eyriès na mtaalamu wa fiziolojia André Djourno walimwekea mtu asiyesikia koili ndogo iliyounganishwa na mabaki ya neva yake ya usikivu. Koili ya pili, iliyoshikiliwa nje ya kichwa, ndiyo iliyoiamsha ile ya ndani. Mtu huyo alisikia sauti na akaweza kutofautisha maneno machache, lakini kifaa kiliharibika baada ya miezi kadhaa. Miaka 20 baadaye wazo hilo lilikomazwa kwa vifaa vyenye elektrodi nyingi. Ingeborg na Erwin Hochmair walifanya kazi hiyo Vienna mwaka 1977, na Graeme Clark akaifanya Melbourne mwaka 1978.

Kipandikizi cha kwanza cha kuongoza mapigo ya moyo nacho kilipitia njia hiyohiyo. Kiliwekwa Stockholm mwezi Oktoba 1958 na daktari Åke Senning, kikiwa kimebuniwa na mhandisi Rune Elmqvist. Betri yake ilichajiwa kutoka nje kwa koili. Baadaye vifaa vya moyo vilifuata mkondo tofauti. Tangu miaka ya 1970 vilianza kutumia betri za lithiamu zinazodumu kwa miaka mingi, na betri inapokwisha kifaa hubadilishwa kwa upasuaji. Leo kifaa cha moyo hutumia mawimbi ya redio kwa ajili ya kutoa na kupokea taarifa tu, mara nyingi katika masafa ya megahezi 402 hadi 405 yaliyotengwa kwa vipandikizi vya tiba.

Tofauti hii ina umuhimu kwa mjadala wa istilahi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, huwawekea wagonjwa vifaa vya kuongoza mapigo ya moyo, na umma umeanza kuvizoea. Kifaa cha moyo hujibebea umeme wake, ilhali kipandikizi cha koklea hupewa umeme kila sekunde. Neno moja, kipandikizi, linafunika vyote viwili. Mzazi aliyewahi kusikia habari za jamaa mwenye kifaa cha moyo anaweza kudhani kuwa kifaa cha mtoto wake nacho kitajiendesha chenyewe kwa miaka kumi.

4. Umeme na maneno katika njia moja

Kanuni inayotumika iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831. Umeme unaobadilikabadilika katika waya mmoja huzalisha uga wa sumaku unaobadilika, na uga huo ukipita katika koili nyingine huzalisha umeme humo. Transfoma iliyo juu ya nguzo ya umeme mtaani hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Ndani yake mna koili mbili zisizogusana, lakini umeme wa ya kwanza huifikia ya pili. Tofauti ni kwamba transfoma ina kiini cha chuma cha kuuongoza uga huo, ilhali kati ya koili mbili za kipandikizi mna nywele, ngozi na nyama zenye unene wa milimita chache tu.

Kwa sababu hakuna kiini cha chuma, sehemu kubwa ya uga hutawanyika. Wahandisi hupunguza hasara hiyo kwa kuzioanisha koili mbili zitikisike kwa mwendo mmoja, kama mtu anayesukuma pembea kwa wakati wake unaofaa, ambapo msukumo mdogo hutosha kuipeleka mbali. Watengenezaji wakubwa wamechagua masafa tofauti: megahezi 5, 12 au 49. Masafa ya chini hupenya mwilini kwa urahisi lakini hupunguza nafasi ya kubebea taarifa. Masafa ya juu hutoa nafasi hiyo, lakini sehemu kubwa zaidi ya nishati yake hunyonywa na tishu na kugeuka joto. Viwango vya kimataifa vya usalama havitaki uso wa kipandikizi uzidi joto la mwili kwa zaidi ya nyuzi 2 za selisiasi. Hivyo umeme unaopitishwa ni mdogo mno, makumi machache ya miliwati, sehemu ndogo sana ya ule unaotumiwa na balbu ya nyumbani.

Sauti nayo haina njia yake ya pekee. Hupanda juu ya umeme uleule. Usiku, katika foleni ya malori ya Tunduma, dereva huwasha na kuzima taa kubwa ili kumpa ishara mwenzake. Mwanga unaommulikia njia ndio huohuo unaobeba ujumbe. Vivyo hivyo, kichakataji cha nje huyachambua maneno yaliyonaswa na maikrofoni, huamua ni elektrodi ipi ipewe pigo la ukubwa gani, kisha huiandika amri hiyo kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya mawimbi yanayopeleka umeme. Kwa njia hiyo laki kadhaa za biti hadi milioni moja huvuka ngozi kila sekunde.

Taarifa huweza pia kurudi kutoka ndani kwenda nje. Fundi wa kuchomelea anapowasha mashine yake, taa za nyumba ya jirani hufifia kidogo, na mwenye nyumba hutambua kazi imeanza hata kabla ya kusikia mlio. Sehemu ya ndani ya kipandikizi hufanya jambo kama hilo kwa makusudi. Hubadilisha kiasi cha umeme inachovuta, na koili ya nje huuhisi mzigo huo ukipanda na kushuka. Kwa mabadiliko hayo mtaalamu hupata habari za hali ya elektrodi na hata jinsi neva inavyoitikia mapigo.

5. Maneno na kinachofichwa

Kiswahili hakikukutana na elimu hii kikiwa mikono mitupu. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2009 ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, yamekuza istilahi za sayansi kwa miongo mingi. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ni ushahidi mmoja. Kazi hiyo kwa kiasi kikubwa ililenga darasa, ambako mwanafunzi humwuliza mwalimu. Katika chumba cha daktari hali ni tofauti, maana msikilizaji hulifasiri neno kwa maana ya mtaani na hana fursa ya kuulizia maana yake upya. Maneno matano yanafaa kuchunguzwa.

La kwanza ni kupandikiza. Katika Wilaya ya Mbozi, inayolima kahawa, kitenzi hiki kina maana iliyo wazi: kuhamisha mche kutoka kitaluni kwenda shambani. Mche ukishashika mizizi hujitafutia maji na chakula, na mkulima huhesabu kuwa kazi ngumu imekwisha. Maana ya kitabibu ya kupandikiza figo haipingani na picha hiyo, kwa sababu figo nayo ni kitu hai kinachoshikana na mwili. Kipandikizi cha koklea hakishiki kwa maana hiyo. Mzazi anayeamini kuwa kifaa kimeshashika ana sababu ya kimantiki kabisa ya kuiweka kabatini sehemu ya nje ili mtoto asiipoteze. Katika vigezo vya uundaji wa istilahi vya Kiingi, vinavyofupishwa kwa jina la PEGITOSCA, uangavu na usahihi huhesabiwa kila kimoja peke yake. Neno kipandikizi linaonesha sababu ya utenganisho huo: ni angavu sana, na uangavu wake ndio unaopotosha.

La pili ni bila waya, au pasiwaya. Usemi huu hutaja kisichokuwapo bila kutaja kilichopo. Isitoshe, kwa jicho la mzazi si wa kweli, kwa kuwa katika vifaa vingi kuna waya mfupi unaotoka nyuma ya sikio hadi kwenye koili. Waya huo ni miongoni mwa sehemu zinazochakaa upesi. Aliyeambiwa kwamba kifaa hakina waya hatausahihisha usemi huo kwa macho yake. Huenda akaudharau waya anaouona.

La tatu ni data. Neno hili limekwisha kuwa la Kiswahili, lakini kwa mtumiaji wa simu maana yake ya kwanza ni bando, yaani kitu kinachonunuliwa na kuisha, na kinachotegemea mnara. Katika mji wa mpakani kama Tunduma, ambako simu hunasa pia mtandao wa upande wa Zambia, mzazi akiambiwa kuwa kifaa hupokea data ana haki ya kuuliza kama kitafanya kazi pasipo na mtandao. Jibu ni kwamba mawasiliano kati ya koili mbili hayahitaji mnara wala malipo. Neno taarifa, au hata maneno yenyewe, linamfaa zaidi.

La nne ni umeme. Kumwambia mama kwamba umeme utapita kichwani mwa mwanawe ni kuamsha hofu ya kupigwa na shoti. Kulikwepa neno hilo nako ni kumnyima ukweli. Wahandisi wangependa kutofautisha umeme, nishati na nguvu, na hapo Kiswahili cha nchi mbili huachana: Kenya husema kawi pale Tanzania inaposema nishati. Kwa mzazi kinachofaa ni kulitumia neno umeme pamoja na kipimo chake kwa mfano wa kitu anachokijua.

La tano ni masafa. Neno hili hubeba maana mbili, umbali na idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Msikilizaji wa redio amezizoea zote mbili, lakini masafa ya juu huweza kueleweka kama uwezo wa kufika mbali. Koili mbili za kipandikizi haziwezi kufika mbali. Zikitengana kwa sentimita chache tu mawasiliano hukatika, na ndiyo maana sumaku inahitajika. Mzazi akilielewa jambo hilo, ataelewa pia kwa nini mtoto mwenye sumaku kichwani hapaswi kuingizwa katika kipimo cha MRI kabla wahudumu hawajaambiwa, na kwa nini mtumiaji hubeba kadi ya kuonesha penye mashine za ukaguzi.

6. Lugha anayoisikia mtoto

Madhara ya kutoelewana yanakuwa makubwa kwa sababu ya umri. Watoto waliozaliwa bila kusikia na wakapata kipandikizi mapema, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, kwa jumla hukuza lugha ya mazungumzo vizuri zaidi kuliko waliochelewa. Ubongo usiopokea sauti katika miaka hiyo hauingoji. Kipandikizi kilichowekwa kwa wakati na kisichovaliwa hakina tofauti na kilichochelewa. Betri iliyokosekana Tunduma kwa mwezi mzima ni mwezi uliotolewa katika miaka hiyo michache.

Suala jingine ni ubora wa kile kinachosikika. Elektrodi 22 hushika nafasi ya maelfu ya seli, tena mapigo yake husambaa na kuingiliana ndani ya koklea. Kupanda na kushuka kwa nguvu ya sauti hupita vizuri, pamoja na mpangilio wa konsonanti na irabu. Kinachopotea zaidi ni mwinuko wa sauti, yaani wembamba na uzito wake. Hasara hiyo haisababishwi na ufinyu wa njia ya ngozini. Inatokea mwisho wa safari, pale elektrodi inapokutana na neva. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto wanaozungumza Kichina, lugha ya toni, umeonesha ugumu wanaoupata katika kutambua toni.

Jambo hili linaihusu Songwe moja kwa moja. Kinyamwanga, kinachozungumzwa pande zote mbili za mpaka, ni lugha ya toni, na vivyo hivyo Kibemba cha upande wa Zambia. Kinyakyusa, lugha ya majirani wa Rungwe na Kyela wanaopatikana pia katika biashara za Tunduma, kimeipoteza toni, sawa na Kiswahili. Kiswahili hutegemea mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa kuwa mkazo huambatana na urefu na nguvu ya sauti, husikika hata pale mwinuko unapofifia. Tofauti ya barabara yenye maana ya njia na barabara yenye maana ya sawasawa inaweza kumfikia mtoto kwa njia hiyo.

Hata hivyo, Kiswahili nacho kina mahali pake pa hatari. Sentensi "Baba amekuja" huwa taarifa au swali kwa kiimbo peke yake, na kiimbo ni mwinuko wa sauti. Mtoto mwenye kipandikizi anaweza kuulizwa swali na akalichukua kuwa taarifa, kisha akaonekana mkaidi kwa kutojibu. Lugha yenyewe inayo dawa. Mzazi na mwalimu wakizoea kutanguliza neno "je", swali hutambulika bila kiimbo. Ushauri huu mdogo hauna gharama yoyote, na isimu ya Kiswahili ndiyo inayoweza kuutoa.

Hakuna katika haya sababu ya kuiambia familia iache Kinyamwanga au Kinyiha. Mtoto hujifunza kutoka kwa watu wanaozungumza naye kwa wingi na kwa upendo, na bibi anayelazimishwa kuzungumza Kiswahili asichokizoea atazungumza kidogo. Wala hakuna sababu ya kuidharau Lugha ya Alama ya Tanzania. Mtoto aliyevua kifaa chake usiku, anayeoga, au aliyeishiwa na betri ni mtoto asiyesikia, na anahitaji lugha saa hizo pia. Elimu ya viziwi nchini ilianza Tabora mwaka 1963, na jamii ya viziwi imeijenga lugha yao tangu wakati huo. Lugha hiyo haizuii kifaa kufanya kazi.

7. Hitimisho na mapendekezo

Mhadhara huu umeonesha kwamba kipandikizi cha koklea ni kifaa cha sehemu mbili zinazounganishwa na uga wa sumaku unaopita ngozini, na kwamba uga huo hubeba umeme na maneno kwa pamoja. Umeonesha pia kwamba istilahi zilizopo huelekeza fikra za msikilizaji kwenye sehemu ya ndani, ambayo mzazi hawezi kuigusa, na kuziondoa kwenye sehemu ya nje, ambayo ndiyo pekee iliyo mikononi mwake.

Pendekezo la kwanza ni kuzitaja sehemu hizo mbili kwa majina yanayohusiana. Kipandikizi kibaki kuwa jina la kifaa kizima, kwa kuwa limekwisha kuenea. Sehemu ya ndani iitwe kipokezi, na sehemu ya nje iitwe kilishi, kutokana na kitenzi lisha. Umbo la neno hili linafuata kawaida ileile iliyotupatia kipandikizi na kipokezi, na maana yake inasema waziwazi yale ambayo kupandikiza hakusemi: kwamba kitu hiki hulishwa kila siku, umeme na maneno kwa pamoja. Mahali pa bila waya patumike kupitia ngozi. Neno kiungo, ingawa lingefaa kwa maana ya kinachounganisha, liepukwe hapa kwa kuwa katika mazungumzo ya hospitali hueleweka kuwa sehemu ya mwili.

Pendekezo la pili ni kwamba istilahi za tiba zijaribiwe kwa wasikilizaji wake kabla ya kusanifishwa. Mzazi wa Vwawa, Mlowo au Tunduma aelezwe, kisha aombwe kueleza tena kwa maneno yake nini kitatokea betri ikiisha. Akisema kwamba mtoto ataendelea kusikia kidogo, kosa halimo katika akili yake. Limo katika neno alilopewa, na wa kulirekebisha ni mwanaisimu.

Pendekezo la tatu linahusu umbali. Mwezi Novemba 2017 mamlaka ya Marekani inayosimamia vifaa vya tiba iliidhinisha kwa mara ya kwanza urekebishaji wa kipandikizi cha koklea kutoka mbali, kwa njia ya mtandao, kwa watumiaji wa umri wa miaka 12 na zaidi. Njia kama hiyo ikija kufika Songwe, itapunguza safari za kilomita 900, lakini itaongeza uzito wa maneno, kwa maana mtaalamu hataweza kunyoosha mkono na kuigeuza koili iliyokaa vibaya. Atalazimika kusema, na mzazi atalazimika kuelewa. Maandalizi ya siku hiyo ni kazi ya idara za Kiswahili sawasawa na ilivyo kazi ya hospitali, na inafaa yaanze kabla mitambo haijafika.